Hita Niliyoipiga Marufuku

Mwezi wa sita baridi ya Mbozi haina mzaha, na gari langu la haibridi, la mafuta na betri, lilikuwa halina haya. Nilipolinunua lilisifiwa kwamba halinywi mafuta, lakini baridi iliposhuka lilikunywa kama lori. Injini iligoma kuzimika hata kwenye mteremko. Fundi mmoja wa Tunduma akanieleza sababu.

"Bosi, hita inataka joto la injini. Ukiiwasha, injini haipumziki. Zima hita, utaona betri inavyokubeba."

Nikaokoka. Nilijaza upepo matairi, nikaziba nusu ya matundu ya mbele kwa kipande cha boksi ili injini ipate joto mapema, na hita nikaipiga marufuku. Kwenye dashibodi kulikuwa na namba zinazoonyesha gari linakwenda kilomita ngapi kwa lita. Niliziangalia kuliko nilivyoangalia barabara, na zikipanda napiga mluzi.

Wakati huo mama mkwe wangu alikuwa anaumwa kifua. Kila Alhamisi asubuhi mimi na mke wangu tulimfuata Igamba, tukampeleka kliniki Vwawa. Alikaa nyuma ya kiti changu, tusionane uso. Kwao mkwe na mama mkwe hawapeani mkono, hawali pamoja, na akiwa na haja na mimi lazima apitie kwa binti yake. Miaka yote ya ndoa yetu hakuwahi kunisemesha. Ndani ya gari nilisikia kikohozi chake tu.

"Baba, mama anatetemeka," mke wangu aliniambia siku moja. "Washa hita kidogo."

Nami, mpumbavu mwenye namba nzuri, nikajibu kwa sauti ya kufika nyuma: "Mwambie ajifunike. Hita inakula mafuta."

Nyuma yangu nikasikia shuka likivutwa, na kikohozi kikibanwa ili kisitoke.

Alhamisi iliyofuata tulimkuta uani anaanika kahawa. Mke wangu akaingia naye ndani, akarudi peke yake, macho mekundu. "Anasema amepona," akaniambia. "Anasema tusihangaishe gari la mkwe." Kikohozi tulikisikia mpaka barabarani.

Mimi mwenyewe nisingeweza kumwendea kumbembeleza, na hapo ndipo nilipojificha. Maana njia ilikuwepo na niliijua: ningemtuma mshenga wangu, yule mzee aliyeniposea mke, aende na kuku na shuka jipya akaniombee radhi. Mama angekubali, mke wangu aliniambia hivyo mara mbili. Nikasema nitamtuma kahawa ikiisha kuvunwa. Nilikuwa naona aibu, na aibu yangu nikaiita shughuli nyingi. Najichukia kwa hilo kuliko kwa yale maneno ya garini.

Kahawa ilikuwa haijaisha alipofariki.

Siku ya mazishi tuliondoka Vwawa asubuhi, ukungu umeshika barabara. Jeneza lilikuwa mbele yetu kwenye pikapu, ndugu zake wakiimba kando yake. Mke wangu alikaa pembeni yangu akitetemeka, sijui kwa baridi au kwa kilio. Nikawasha hita, nikaizungusha mpaka mwisho. Injini ikaunguruma.

Mke wangu akanyoosha mkono, akaizima.

"Inakula mafuta," akasema.