Faili la Asubuhi na Chumba cha Muuguzi

Ofisini mama mdogo wangu wanamwita Kalenda. Ukimwuliza tarehe hakutajii mwezi. Anakwambia leo ni siku ya mia moja arobaini na tatu, halafu anaendelea na chai yake. Hata harusi yake anaikumbuka kwa nambari, na mumewe kashazoea, maskini.

Kosa si lake. Miaka kumi na mmoja anatunza mafaili ya vifaa vya upimaji ardhi, vile vinavyosikiliza setilaiti, na majina ya mafaili hayo hayana habari na miezi. Herufi nne za alama iliyopimwa, tarakimu tatu za siku kuanzia mwaka mpya, kisha tarakimu moja ya awamu: moja kwa kipimo cha kwanza siku hiyo, mbili kwa cha pili. Basi.

Jumatano asubuhi alikuwa akipanga madaftari ya wapimaji. Moja lilikuwa na matope mengi kuliko maandishi. Katikati ya matope akasoma kwamba asubuhi walisimamisha kifaa juu ya kigingi cha watu wa bomba la maji, si alama yao, na mchana wakarudia juu ya alama yao yenyewe.

Vipimo viwili. Kwenye kompyuta faili lilikuwa moja tu.

Hapo akaikumbuka siku yenyewe. Mpimaji alileta kadi yenye mafaili mawili, kila moja ndani ya folda yake, na yote yameandikwa awamu ya kwanza. Yule bwana hubadilisha laini tatu za simu kwa siku, ila tarakimu moja kwenye kifaa ilimshinda. Kompyuta iliuliza kama faili jipya lichukue nafasi ya lililopo. Kalenda, simu nyingine inaita, alibonyeza ndiyo. Kadi ikafutwa kesho yake, ikarudi kazini.

Mafaili haya hubeba saa ya kuanza ndani, mistari michache kutoka juu. Akalifungua huku akiomba iwe saa nane mchana.

Ilikuwa saa mbili na dakika kumi asubuhi. Faili bovu ndilo lililofuta zima.

Kwa faili hilo mpaka wa barabara ulishachorwa, ukasogea mita mbili na ushei, ukapita katikati ya chumba cha kulala cha muuguzi mmoja mstaafu. Ukuta ulishapigwa alama nyekundu. Tingatinga lilikuwa la saa nne siku hiyohiyo, na saa ya ukutani ilisema tatu na robo.

Alikaa dakika nzima akiutazama mlango. Hakuna mwingine aliyeona. Daftari lenyewe, likirudishwa chini ya mengine, lingekaa huko mpaka panya walitafune. Anasema wazo hilo ndilo lililomtisha kuliko yote, kwa jinsi lilivyokuja upesi.

Akaingia kwa mkuu wake. Mkuu alisoma ukurasa mara mbili, akamwambia afunge mlango, akauliza kwa sauti ya chini sana, "Nani mwingine kaliona hili?"

"Mimi na wewe, bosi."

Mkuu akasema lazima kwanza aulize juu. Kalenda akajua kuuliza juu huchukua siku tatu. Akanyoosha mkono, akalichukua daftari mezani, akatoka. Mpaka leo hajui miguu ilitoa wapi adabu mbaya kiasi hicho.

Alipofika kwenye nyumba hiyo, injini ya tingatinga ilikuwa inanguruma. Muuguzi, alipoona koti la ofisi ya upimaji, alifunga dirisha kwa komeo.

Dereva alimsikiliza akiwa juu kwenye kiti chake, kisha akapunga hati yake. "Mama, mimi nina karatasi yenye muhuri. Wewe una daftari lenye tope."

"Basi nitakaa hapa ukutani na tope langu," akasema, akaketi chini ya ile alama nyekundu.

Dereva alimtazama, akasonya, akazima injini. Akampa nusu saa.

Dakika ya ishirini na kitu simu ikaita. Mkuu.

"Limesimama?"

"Limesimama, bosi."

"Mwambie asiwashe. Nakuja na kifaa, tupime upya." Kisha akaongeza, "Na wewe usiondoke hapo. Tuna maongezi."

Kalenda akamfikishia dereva ujumbe. Kisha akagonga dirisha la muuguzi, taratibu, mara tatu. Akarudi kuketi chini ya alama nyekundu, kumsubiri mkuu.