Kumtafutia Rukia Chui

Safari yangu ya Muyuni, kijiji cha kusini ya Unguja, ilitokana na mtoto wangu Rukia, ambaye sikuwa nimemwona tangu alipokuwa akitambaa. Mwaka wa sitini na nne, wazee wa mke wangu walipohamia Mombasa, mke wangu Salma alifuatana nao na mtoto mgongoni, kwa kuwa mama yake alikuwa mgonjwa na hakuwa na mwengine wa kumuuguza. Tulikubaliana kwamba angerudi mama akipata nafuu. Nafuu ilichelewa, na kuingia na kutoka kisiwani kukawa na mlolongo wa ruhusa. Yangu niliiomba zaidi ya mara moja, na kila mara niliambiwa nisubiri. Nikasubiri. Rukia akaota meno, akaanza kuyang'oa, na yote hayo mimi nikiyasikia kwa midomo ya watu.

Aliyekuwa akiniletea khabari zao ni Hamadi, jirani yangu wa Mkunazini, Mtumbatu aliyefanya kazi kwenye meli ya mizigo. Siku moja alitoka bandarini akaja moja kwa moja kwenye duka la picha nilikoajiriwa. Hakutaka hata kukaa.

"Mtoto wako kagombana na watoto wa jirani," aliniambia. "Wao wana picha ya simba, wanamringia nayo. Na yeye kawaambia, kwetu Unguja kuna chui, na baba'angu ataniletea picha yake. Mimi maneno nshayafikisha, Abdalla. Mzigo huo ni wako."

Niliona raha, kisha nikaona uchungu, nikawa sijui nishike lipi. Rukia hakuwa amewahi kuniomba kitu. Peremende na vitambaa vya gauni nilikuwa nikimpelekea, lakini kwa kubuni tu, kama mtu anayempelekea zawadi mtoto wa bosi. Hiki kilikuwa kitu cha kwanza alichokitaka yeye mwenyewe kwa baba yake. Nikajiapiza kwamba chui huyo atampata.

Kazi yangu siku zile ilikuwa zaidi ni picha ndogo za kubandikwa kwenye hati za safari. Watu nikiwaambia wainue kidevu, watazame mbele, wasicheke, na baada ya muda nasikia wameshaondoka. Wengine nilisoma nao chuoni. Filamu nazo zilikuwa adimu, na mwenye duka alinikatia moja tu, ya picha kumi na mbili, akaniazima na kamera kuukuu ya sanduku, ile ya kutazamia juu. Mwenzangu wa dukani, Bakari, alinipa nasaha niliyoishika kama aya.

"Usende ukapiga ovyo," aliniambia. "Chui wa huko shamba wana wenyewe. Wanafugwa. Mtafute mwenye chui, muombe ruhusa kwa adabu, na mnyama atakutokea mwenyewe bila ya taabu."

Mimi ni mtu wa mjini. Shamba nilikuwa nikikwenda kula maembe na kurudi. Niliyaamini maneno yale kwa kuwa yalinipunguzia kazi ya kutembea msituni.

Asubuhi ya safari nilianza kupiga picha mlangoni pangu. Paka mweupe wa jirani alikuwa amelala kwenye baraza, nikampiga, ili Rukia aone mtaa aliozaliwa. Darajani nikampiga punda wa gari, aliyekuwa akitafuna ganda la ndizi huku bwana wake akibishana na mteja. Gari yetu ya abiria, yenye bodi ya mbao na mabenchi yake magumu, ilipofika Michenzani ilisimama kungojea lori la kokoto. Pale ndipo palipokuwa pakijengwa yale majumba marefu ya ghorofa, na ng'ombe mmoja alikuwa amesimama kwenye kivuli cha ukuta mpya, akicheua kama mpangaji wa kwanza. Nikampiga na yeye. Nilifikiri, mtoto huyu akirudi hataijua Michenzani aliyoizungumza mama yake, bora aanze kuizoea.

Baada ya Tunguu na Bungi nilikuwa nimeshachafuka vumbi mpaka kwenye nyusi. Pete, karibu na msitu wa Jozani, gari ilisimama kupakua magunia, na kwenye mti wa kando ya barabara walikuwapo kima punju, wale wekundu wa mgongoni wenye nywele za kichwani zilizotawanyika kama za mtu aliyeamshwa kwa makelele. Nikateremka mbio. Bibi mmoja aliyekaa nyuma ya dereva alitoa kichwa dirishani.

"We bwana, wewe! Hao wanatumalizia miembe yetu, na wewe unawapiga picha ya harusi?"

Gari nzima ilicheka. Nilipiga picha tano, na katika moja mama kima alikuwa amemkumbatia mwanawe tumboni. Niliporudi kwenye benchi nilitazama nje mpaka tulipopita Kitogani.

Tulifika Muyuni adhuhuri. Mwenyeji wangu alikuwa Mzee Makame, mchoma chokaa, ambaye nilimpiga picha ya kubandika kwenye kipande chake cha utambulisho alipokuja mjini. Siku ile aliniambia nikifika Muyuni nisiupite mlango wake, na mimi sikuupita.

"Hodi!"

"Karibu! Nani?"

"Abdalla, mpiga picha wa mjini. Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Bi. Mize! Mgeni huyu, ongeza maji kwenye mchuzi!"

Bi. Mize ni mkewe, mwanamke mwembamba asiyekaa kitako. Tulikula muhogo na mchuzi wa pweza ambao mpaka leo nikiukumbuka ninameza mate. Baada ya chakula walikuja majirani wawili kunywa kahawa. Nikaona huo ndio wakati wa adabu aliyonifundisha Bakari. Nikajikohoza, nikaweka kikombe chini.

"Wazee wangu," nilisema, "sikuja kwa ubaya. Nnaomba mnijuulishe na mwenye chui wa hapa, nikamuombe ruhusa nimpige picha mnyama wake."

Jirani wa kwanza aliinuka bila ya kumaliza kahawa yake. Wa pili alimfuata, wala hakuaga. Uani, mbuzi ya kukunia nazi iliyokuwa ikikereza ilinyamaza.

"Ushakula?" Mzee Makame aliniuliza, kisha akanifundisha jibu lake. "Sema, 'Nshakula.'"

"Nshakula, mzee."

"Basi mshukuru Mungu. Ungeliuliza hivyo kabla, leo ungelilala na njaa."

Hapo tena ndipo aliponieleza. Watu wanaamini kwamba baadhi ya chui wanafugwa kwa uchawi, na kwamba mwenye kumfuga humtuma kwa mbuzi na kuku wa mahasimu wake. Kwa hiyo kumuuliza mtu nani mwenye chui hapa ni kumwambia akuoneshe mchawi wa kijiji. Na mimi nimeyasema hayo barazani, mbele ya watu, nikiwa na kamera kifuani kama mtu aliyetumwa kuchukua ushahidi. Tena nimeyasema wakati ambao wasasi walikuwa wameshapita vijiji vingi na ngoma na bunduki, wakiwasaka chui na wanaosemwa kuwafuga.

"Ndugu yangu mimi alitajwa," Mzee Makame alisema. "Walipekua nyumba yake, hawakuona hata unywele wa chui. Lakini jina halikumtoka. Watu wakawa hawamuombi hata kijinga cha moto. Mwisho kahamia Tumbatu kwa mkewe. Mimi na yeye tulikuwa tukichoma chokaa pamoja tangu tuna akili zetu."

Akajitazama viganja. Nilitaka ardhi inimeze. Nilimuomba radhi, nikamwelezea kisa changu chote, cha Salma na Rukia na picha ya simba ya watoto wa Mombasa. Alisikiliza bila ya kunikatiza. Kisha aliinuka, akavipita vile vikombe viwili vilivyoachwa, akenda kwa majirani wake mmoja mmoja kuwaambia kwamba mgeni wake si mjumbe wa mtu, ni mjinga tu wa mjini. Nilimsikia kwa masikio yangu, na nilimshukuru.

Siku ya pili, asubuhi, alinitembeza vichakani. Nilimpata paa mmoja, au tuseme nilipata makalio yake, kwa kuwa alinisikia kabla sijamwona. Nilipata kobe, na kaa wa nchi kavu aliyeninyanyulia magando kama anayetaka kupigana. Filamu ikabakia na picha moja. Nikamwambia Mzee Makame hiyo nimemuwekea chui, na ikibidi nitamngojea kisimani mpaka jua lizame.

"Unamtaka chui?" aliniuliza. "Njoo."

Alinipeleka mpaka nyuma ya nyumba moja mwisho wa kijiji. Ukutani ilikuwa imewambwa ngozi, imevutwa kwa vijiti kila upande, madoa yake bado yanang'ara. Ilikuwa ndogo kuliko nilivyodhania. Mahali pa macho palikuwa na matundu, na ukuta ukionekana.

"Huyu ndiye tuliye naye," alisema. "Hai sijamwona tena tangu huyu auawe. Mpige, hana wa kuombwa ruhusa."

Nilifungua kifuniko cha juu cha kamera, nikainama juu ya kioo chake. Chui alienea pale vizuri sana. Watoto wa Mombasa wasingejua. Lakini Rukia alikuwa amesema kwetu kuna chui, si kwetu kulikuwa na chui, na mimi sikuweza kumpelekea kitu kile na kumwambia hiki ndicho ulichojivunia. Niliifunga kamera. Mzee Makame alinishika bega tukarudi.

Bi. Mize alikuwa akipepeta mchele. Mumewe alimwambia kwamba mgeni kashindwa, anarudi mjini na picha moja ambayo hajaipiga.

"Hebu nikuulize, mwanangu," Bi. Mize alisema, ungo bado ukimtikisika mikononi. "Huyo mtoto sura yako anaijua?"

"Hawezi kuijua, Bi. Mize. Walipoondoka alikuwa mchanga."

"Na picha yako hana?"

Picha yetu ya harusi ilibaki ukutani nyumbani kwangu siku walipoondoka. Kupeleka nyengine hakukunijia akilini, na ajabu ni kwamba kila siku nilishinda nikipiga sura za watu ili wakumbukwe huko waendako.

"Hana," nilisema.

"Sasa unampelekea kima na kaa, na babake hajawahi kumwona? Lete hiyo kamera."

Aliuweka ungo chini. Nilimfundisha kuishika tumboni na kutazama juu yake, asitikisike wakati wa kubonyeza. Alicheka kuona kwamba kwenye kioo mkono wangu wa kulia umekwenda kushoto. Nilisimama mbele ya ukuta wa udongo, kuku miguuni, na bila ya kujua nikainua kidevu, nikatazama mbele, nikaukaza uso.

"Hebu wacha kujitia hakimu!" alinifokea. "Mtazame mwanao!"

Sijui nilitazama nini. Najua kwamba macho yalinijaa maji, na kwamba nilikuwa nikicheka. Bi. Mize alibonyeza.

Jioni nilirudi mjini juu ya magunia ya muhogo, nimechoka, na zawadi ya pweza mkavu mapajani. Kesho yake nilijifungia chumba cha giza cha dukani, nikazisafisha picha zangu. Ile ya Bi. Mize ilikuwa imepinda, na kuku mmoja alikuwa amekatwa kichwa. Sura iliyojitokeza taratibu ndani ya maji ya dawa ilinishtua kwa uzee wake. Hapo nilielewa kwamba nilikuwa nikimkimbilia mtoto kwa vitu, kwa sababu kumpelekea baba asiye na kitu mkononi kuliniogopesha. Nilijifunza pia kutouliza maswali ya Bakari. Nilizifunga picha zote kwenye bahasha, nikampa Hamadi, pamoja na maneno ya kumuomba Rukia radhi kwamba chui sikumpata.

Meli ya Hamadi ilichukua muda kurudi. Kila honi ya bandarini ilinitoa mlangoni. Mwisho aliingia dukani jioni moja, na safari hii alivuta kiti akakaa.

"Chui hata hakumtaja," alisema. "Kakaa juu ya jamvi na mama'ake, wanazitazama moja moja. Kila mnyama anauliza, 'Huyu anauma?' Paka, mama'ake anamjibu anaparura. Punda anapiga teke. Kima anauma ukimchokoza. Kaa ndiyo usiseme. Wakafika kwako."

"Ehe?"

"Akakutazama, akakutazama. Kisha akauliza, 'Na huyu anauma?' Salma akamsogezea picha. Akajikaza, akamwambia, 'Haumi. Huyo ndiye baba'ako.'"

Hamadi aliitazama sakafu.

"Mtoto akasema, 'Kama haumi, basi aje.'"