Fyuzi Niliyoifunga kwa Waya wa Kibuyu

Nilisoma mpaka darasa la tatu, na mambo ya umeme hayakuwemo. Nilichojua nilifundishwa na mtu mmoja, binti wa jirani zetu wafugaji hapa Gendabi. Alinieleza polepole na nikaelewa. Kwa hiyo sina kisingizio cha kutojua.

Binti huyo alikuwa amerudi kutoka chuo cha ufundi, amesomea umeme wa magari. Kwao ni watu wa ng'ombe, na wengi walimcheka baba yake kwa kumpeleka huko. Mimi nina mwanangu mwenye pikapu, anapeleka watu na maziwa Katesh kila asubuhi. Ukungu ulipoanza, hata mlima ulio juu yetu huuoni, akataka afungiwe taa mbili kubwa mbele. Nikamwambia kazi hiyo ampe binti wa jirani.

"Mama, mikono ya kukamua ndiyo ishike nyaya?"

"Na wewe ulizaliwa umeshika usukani?"

Akampa kazi. Lakini alimpa kwa neno langu, na hilo alihakikisha nalijua.

Binti alifanya kazi siku nzima uani kwangu. Kabla ya kugusa chochote alifungua waya wa hasi kwenye betri akauweka pembeni. Mahali pa kufunga waya wa kurudisha umeme kwenye bodi alikwangua rangi mpaka chuma kikang'aa, maana rangi inazuia. Kila waya uliopita kwenye tundu la bati aliuvalisha mpira, bati lisije likauchuna. Mimi nilikuwa kwenye kigoda nashona ufa wa kibuyu kwa waya mwembamba wa shaba, kazi ninayoifanya tangu usichana wangu. Mwisho wa mshono huwa nasokota mara tatu na kuulaza waya kushoto. Vibuyu vya mama wa binti vyote vina msokoto huo, nimevishona mimi.

Karibu na betri akaweka fyuzi, akaniita.

"Bibi, njoo uone. Kijiuzi hiki cha ndani ni chembamba kwa makusudi. Mzigo ukizidi kinakatika chenyewe, waya unapona. Kikikatika msiweke kingine kabla hamjajua kimekatwa na nini. Niiteni."

"Kwa nini usiweke kinene, kisikatike?"

"Halafu kiungue nini, Bibi? Waya ndio utaungua, na huo unapita chini ya miguu ya dereva."

Taa ziliwaka vizuri kwa wiki kadhaa. Kisha mwanangu akanunua mnadani honi ya upepo, kama zile za mabasi, yenye pampu yake ya umeme. Akaiunga mwenyewe kwenye waya uleule wa taa kwa kuwa ulikuwa karibu. Binti hakuambiwa. Mimi nilimwona akiiunga, nikapita na ndoo yangu.

Asubuhi moja taa zikazima.

"Taa za fundi wako hizo, Mama," akasema. "Leo nikirudi nazing'oa." Akaingia ndani kunywa chai. Wanawake wenye madumu ya maziwa walikuwa wameshapanda nyuma, na ukungu umelala mpaka kwenye boma.

Maneno yale yaliniuma. Nikawaza binti atakavyodhihakiwa kijiji kizima, na mimi pamoja naye. Nikafungua boneti, nikachomoa fyuzi. Kijiuzi kimekatika. Nikatoa waya wa shaba kwenye fundo la kanga, nikauzungusha kutoka mguu mmoja wa fyuzi mpaka wa pili, nikasokota mara tatu, nikairudisha. Nilifanya kama ninavyoshona ufa. Taa zikawaka.

"Umefanyaje?" mwanangu akauliza alipotoka.

"Ilikuwa imelegea."

Nikapanda mbele, maana nilikuwa naenda mnadani. Hatukufika barabara kubwa. Kwanza kulikuwa na harufu kama ya ndala iliyotupwa motoni. Mwanangu akapiga honi kumfukuza punda, moshi ukatoka chini ya miguu yake, kisha moto. Akafungua boneti akajaribu kung'oa nyaya kwa mkono mtupu, ngozi ya kiganja ikabaki kwenye waya. Wanawake walimwaga udongo, ulipoisha wakamwaga maziwa. Mmoja alisema, "Leo tumepika gari," na hakuna aliyecheka.

Pikapu ilivutwa na trekta mpaka kwangu. Mchana binti akaja na baba yake. Aliniamkia shikamoo, akamwamkia na mwanangu, ambaye hakumjibu.

"Karibu uone kazi yako," mwanangu akamwambia, mkono umefungwa kitambaa.

"Honi hii ameiunga nani?" binti akauliza.

"Hata ng'ombe wangu wanaijua," baba yake akasema. "Juzi wawili wamekimbilia ngano za watu kwa ajili ya kelele hiyo."

"Mzee, honi haijawahi kuchoma gari la mtu," mwanangu akasema. "Kama fyuzi ya binti yako ilikuwa nzima, mbona haikukatika?"

Lilikuwa swali zuri. Binti akainama kwenye betri, akachomoa fyuzi iliyoyeyuka, akaigeuza. Nilimwona akiona. Akaninyanyulia macho mara moja, halafu akafumba kiganja.

"Sijui," akasema.

"Hajui," mwanangu akarudia. "Mzee, mrudishe huyu kwa ndama."

Nilikuwa hatua tatu kutoka kwake. Midomo yangu ilikuwa mizima. Nikaangalia kitambaa kwenye mkono wa mwanangu, nikaona nikisema sasa, mkono ule nimeuchoma mimi. Binti na baba yake wakaondoka bila kunywa chai.

Sikumwambia mtu. Mnada uliofuata nilisikia habari ikitembea mbele yangu: yule msichana wa Gendabi, akikufungia taa unaungua. Mtu mmoja alikuwa anamsimulia mwenzake wa Basotu kwamba watu walikufa.

Jioni ile nilimwambia mwanangu. Alinitazama sana.

"Mama, yamepita. Nyamaza tu."

"Hayajapita. Yuko nyumbani kwao, hapewi kazi."

"Na mimi nionekane nimechomewa gari na mama yangu?"

"Umechomewa na mama yako na honi yako."

Akanyanyuka, akatoka nje. Siku ya tatu nikaenda mwenyewe kwa jirani. Binti alikuwa zizini, mfuko wa vifaa vyake umening'inizwa juu ya mlango, umefungwa. Nikamwambia yote, pale penye samadi, nimesimama.

"Nilijua, Bibi," akasema. "Mshono wako naujua."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesemaje, mbele ya mwanao? Wewe ni Bibi."

Hakusema amenisamehe na sikumwomba aseme. Alinipa ile fyuzi. Alikuwa ameihifadhi kwenye kasha la kiberiti.

Tangu siku hiyo kila mnada nakwenda Katesh na kile kiberiti. Nasimama wanapoegesha magari, naonesha madereva waya wangu na msokoto wangu, nawaeleza kwamba waya ulipimwa kwa taa mbili, honi ikaongezwa, fyuzi ikafanya kazi yake, na mimi nikaiziba mdomo. Wengine wananionea huruma kama mzee aliyechanganyikiwa. Wengine wanauliza kama ninauza dawa. Mwanangu hupita mbali, ingawa honi ameing'oa.

Wiki iliyopita mtu mmoja mwenye gari la Noah alikuwa anatafuta mtu wa kumfungia redio na taa za ukungu. Nikamweleza toka mwanzo. Alizima injini ili anisikie. Akaishika fyuzi, akaigeuza, akauliza maswali ya maana, hata unene wa waya aliuliza. Nikamwelekeza nyumba ya binti mpaka kwenye mlango.

"Asante, Bibi. Shikamoo," akasema.

"Marahaba."

Akawasha gari, akalipeleka kwa fundi wa pale stendi.