Mjomba Habadilishwi

Hospitalini, alikofanya usafi kwa miaka kumi na tisa, walimwita Bi Dawa, kwa sababu harufu ya dawa ya kusafishia ilimtangulia koridoni kabla hajatokea mwenyewe. Alikuwa na vitambaa vya rangi nne: chekundu cha vyooni, cha bluu cha wodini, cha kijani cha jikoni, na cha njano cha chumba cha wagonjwa waliotengwa. Siku moja daktari mmoja mkubwa alikiokota kile cha njano akafutia meza yake ya chai. Bi Dawa alimnyang'anya mbele ya wanafunzi wake.

"Daktari, wewe unatibu, mimi nazuia," alimwambia. "Tusiharibiane kazi."

Wanafunzi walitazama sakafu. Ilikuwa safi.

Mwanamke wa namna hiyo ndiye aliyenunua mjusi, na hakuna aliyeelewa kwa nini. Watoto wake walikuwa wamekwisha kuoa na kuolewa, mumewe alikuwa na kibanda chake cha kutengeneza simu, na nyumba ilikuwa imetulia kupita kiasi. Jioni moja akitoka kazini alisimama mbele ya duka la wanyama wa kufugwa. Nyuma ya kioo, mjusi wa rangi ya mchanga, mwenye vijiba vilivyochongoka kidevuni kama ndevu, aligeuza kichwa akamtazama usoni. Bi Dawa alikuwa amepishana na watu kama mia mbili siku ile, na hata mmoja hakumtazama. Akamchukua. Alimwita Mjomba, kwa kuwa alikuwa na ndevu, hasemi, na anakaa kwenye nyumba ya watu akisubiri chakula.

"Sasa huyu mjomba ni wa upande wangu au wako?" mumewe aliuliza.

"Wako. Wa upande wangu wanafanya kazi."

Mwezi wa tatu tangu anunuliwe, Mjomba alianza kuwakataa nyenje, wadudu aliokuwa akiwala kwa pupa. Kinyesi chake kikawa majimaji yenye uvundo, na mashavu yakabonyea. Bi Dawa alimpima kwenye mizani ya jikoni, akampima tena baada ya wiki, kisha akamfunga ndani ya kikapu akampeleka kwa daktari wa mifugo. Daktari mwenyewe alikuwa binti mdogo aliyezoea mbwa na mbuzi, lakini aliwahi kusoma habari za mijusi na alifurahi kuona hatimaye mtu anamuuliza. Aliweka kinyesi chini ya hadubini, akaangalia mara mbili.

"Ana minyoo, mama, na vimelea vingine kwenye utumbo. Hao tutawatoa." Kisha akachukua pamba, akampangusa Mjomba mdomoni, akaipeleka maabara. Majibu yalirudi baada ya siku kumi. "Kuna kirusi pia. Hiki hakina dawa. Ukimpa joto, maji, chakula na usafi, huenda akaishi nacho miaka. Lakini asikutane na mjusi mwingine maisha yake yote. Chembe ya kinyesi chake inatosha kumwambukiza mwenzake."

Bi Dawa alikwenda moja kwa moja dukani. Mwenye duka, mtu mnene mwenye tabasamu lisilokauka, alimsikiliza huku akipanga makopo.

"Mama yangu, mjusi ni mjusi tu. Hapa alikuwa mzima. Labda umemlisha ugonjwa huko kwako."

Ile kauli ilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Aliimeza mate kwa mate kwa wiki tano, na kila alfajiri ilimwamsha kabla ya saa. Alitoa magazeti yaliyotandikwa chini ya Mjomba, akayafunga ndani ya mfuko, akatandika mengine. Alichemsha bakuli na jiwe la kuotea joto, kwa kuwa daktari alimwonya kwamba mayai ya vimelea hayaogopi dawa ya madoa, yanaogopa mvuke. Alimtilia Mjomba dawa pembeni ya mdomo kwa bomba lisilo na sindano. Nyenje waliingia kwa hesabu na kutoka kwa hesabu, maana anayebaki hula kinyesi, kisha akiliwa huyarudisha maradhi tumboni. Alinunua kitambaa cha rangi ya tano, cheupe, na ole wake atakayekigusa. Ngozi ya vidole ilimpasuka. Hata hivyo, mwisho wa wiki ya tano Mjomba alikuwa ameongezeka gramu kumi na tisa, na Bi Dawa aliiandika namba hiyo ukutani kwa penseli.

Mumewe aliiona namba, lakini aliviona zaidi vile vidole. Alikuwa mtu mwema, na wema wake ulikuwa wa kazi yake: kioo kikipasuka unabadilisha kioo, betri ikivimba unabadilisha betri, wala humwulizi mteja anaipenda kiasi gani ile ya zamani.

Siku ya Jumatano Bi Dawa alirudi akamkuta mjusi anakimbia ndani ya sanduku la kioo, rangi yake inang'aa.

"Umeona alivyopona?" mumewe alisema, lakini hakumtazama.

Bi Dawa aliinama. Mguu wa nyuma wa kushoto wa Mjomba ulikosa ukucha mmoja. Huyu alikuwa nazo zote.

"Mjomba yuko wapi?"

"Mama watoto, ulikuwa unajiua. Mwenye duka mwenyewe kasema nimlete, nichukue mwingine. Nimekuchagulia mwenye nguvu."

"Umemweka kwenye sanduku lilelile."

"Ndiyo."

"Halijaoshwa."

Mumewe aligeuka kulitazama sanduku.

"Na Mjomba wamemweka wapi?"

"Palepale. Na wenzake."

Bi Dawa hakupiga kelele. Wanaomjua wanajua kwamba akipiga kelele bado kuna nafuu. Alichukua kikapu, akatoka bila kubadilisha sare ya kazi.

Dukani, Mjomba alikuwa amelala chini ya taa katikati ya mijusi saba wadogo, macho nusu wazi, ndevu zimemgeuka nyeusi kwa hofu. Alikuwa amekwisha kuchafua bakuli la maji, na mdogo mmoja alikuwa anakunywa humo. Mbele ya kioo alisimama baba mmoja na binti yake wa miaka kama sita. Mtoto alikuwa amemnyooshea kidole yule anayekunywa.

"Baba, usimchukue," Bi Dawa alisema. "Huyu mwenye ndevu nyeusi ni mgonjwa wangu. Amekaa nao tangu asubuhi, na ugonjwa wake hauna dawa."

"Mama, unanichafulia biashara," alisema mwenye duka, tabasamu likiwa bado lipo.

"Uchafu nimeukuta. Na ulijua. Nilikuja hapa mwezi uliopita nikakuambia kwa kinywa changu, ukasema nimemlisha ugonjwa mwenyewe."

"Mumeo kaniletea kwa hiari yake. Sasa ni mali yangu."

"Basi muuze huyuhuyu, sasa hivi, mbele ya huyu baba. Mwambie ana nini."

Yule baba alimshika mwanawe mkono, akasema watarudi siku nyingine, kwa sauti ya mtu asiyerudi. Mlango ulipofungwa, mwenye duka alimkamata Mjomba mgongoni akamtupia kikapuni.

"Haya, ondoka naye."

"Na hawa saba? Watengwe, wapimwe kwanza."

"Kesho saa nne utakuwa unadeki vyoo, mama. Mimi nitakuwa hapa nauza."

Ilikuwa kweli, na ndiyo iliyomchoma kuliko matusi. Alimtoa Mjomba kikapuni, akatembea hadi nyumbani amemkumbatia kifuani ndani ya sare ya kazi, naye mwepesi kama soksi.

Mumewe alikuwa amemhamishia yule mgeni kwenye boksi, na kwa mara ya kwanza tangu waoane alikuwa ameosha kitu bila kuambiwa.

"Mgeni atakaa kibandani kwako," Bi Dawa alisema. "Bakuli lake, taa yake, kitambaa chake. Ukimgusa, unanawa kabla hujagusa hata kitasa."

"Sawa."

"Na wale saba wanauzwa kesho, kwa sababu yako."

Mumewe, fundi wa simu, alikausha mikono. "Meza yangu ya kazi ina miguu," alisema.

Kesho yake aliibeba hadi kando ya barabara, akaitua mkabala na mlango wa duka. Juu yake aliegemeza kipande cha boksi: SIMU HUTENGENEZWA HAPA. MJUSI USINUNUE KABLA HUJANIULIZA.

"Fundi, si wewe uliyemleta?" mwenye duka aliuliza kutoka mlangoni.

"Ni mimi. Ndiyo maana niko hapa."

Watu waliuliza, naye aliwajibu wote huku akichokonoa simu zao, hakuacha hata sehemu iliyomwaibisha mwenyewe. Siku ya nne mwenye duka alimpigia daktari wa mifugo kwa hiari yake, kama hiari ndiyo hiyo.

Bi Dawa alipopita jioni, mumewe aliinuka na uso wa mtu anayengoja kusifiwa.

"Daktari yumo ndani. Anawapima wote saba."

"Amevaa glavu?"

"Amevaa."

"Anabadilisha kila akimaliza mjusi mmoja?"

Fundi hakujua. Bi Dawa alimsukumia mkoba kifuani, akaingia kuangalia mwenyewe.