Samaki wa Amour Hawali Bila Kukaribishwa

Mume wangu Amour, mstaafu wa serikali hapa Ibra, ana maradhi mamoja: kukaribisha. Alitoka nayo Unguja akiwa mtoto, na Oman ikamzidishia. Ukipita mlangoni kwake kumtafuta mbuzi wako aliyepotea, utaondoka umeshiba.

Watu wa mazingira walipokuja kuomba birika letu la kumwagilia shamba wazalishe samaki wa wadi, kile kijito cha bondeni, maana wadi inakauka na samaki wanatoweka, hata hawakumaliza maneno. "Karibuni!" Wakaleta visamaki vya urefu wa kidole. Hawa, wakasema, chakula chao ukoga wa mawe tu. Wakishazaana warudi kwao. Amour akaapa hatakufa kabla hajawaona wamerudi wadini.

Ukoga! Mgeni wa Amour ale ukoga? Akawatia mkate wa kumimina. Na kila aliyekuja kuwatazama akawamegea chake, maana kula peke yako mbele ya mwenzio ni aibu. Wakanenepa kama maharusi. Ukisimama tu, wanakujia vinywa wazi. Nikamwambia, "Hao si samaki, hao wakwe."

Siku ya kuwarudisha wadini kulikuwa na hotuba na picha. Hotuba hazijesha, samaki wote wako ukingoni, wanangoja mkate. Yangeyange akatua, nao wakamfuata yeye, akawadona mmoja mmoja! Amour alilia. Waliosalimika tukawateka kwa sufuria, tukawarudisha birikani.

"Ami Amour," akasema Khulood, binti wa mazingira, "wasilishwe mkate tena. Na wageni wasiwakaribie."

Masikini mume wangu! Akafunga lango. Shemeji yangu Hamoud katoka Sur na halua yake, karudishwa nayo. Ibra nzima ikasema Amour kawa bahili. Harusini hakupata wa kula naye sinia moja.

Msimu wa pili tukawarudisha wadini kimyakimya. Amour akachutama, akatia mkono majini. Fyuu! Wote chini ya mawe.

"Wamenikimbia, Fawziya," akasema, machozi na kicheko vinagombana usoni. "Wallahi wamenikimbia!"

Tulipofika nyumbani alifungua lango wazi, akatandika mkeka, akapika kahawa ya kutosha mtaa mzima. Tukakaa tukingoja mpaka ikapoa. Hakuja mtu.