Mwezi Ngumbau Alipouza Mto

Mwalimu Ndinda alisikia ubeti juu ya mumewe akiwa ameinama, na hakuinuka upesi. Alimaliza kwanza kujaza karai lake mawe, akampa mwanamke aliyemfuata kwenye foleni, ndipo akaunyoosha mgongo wake wa miaka sabini na moja, polepole, kama mtu ambaye hajatajwa na yeyote.

Walikuwa mtoni chini ya mji mdogo wa Tawa, wanawake thelathini wa mwethya, kikundi cha majirani wanaofanya kazi pamoja, leo kwako, kesho kwangu. Mwaka huo walikuwa wakijenga ukuta wa mawe na saruji kukata mto kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, ili mvua ikija mchanga ukwame nyuma yake, na mchanga huo uhifadhi maji hadi kiangazi. Mawe yalipita mkono kwa mkono, na kazi iliendeshwa na wimbo. Anayeongoza ana ruhusa ya kumtia mtu yeyote ndani ya ubeti: aliyechelewa, aliyepika uji mwepesi, aliyejificha nyuma ya kichaka wakati wa kubeba maji. Hakuna anayekasirika, au angalau hakuna anayekubali kwamba amekasirika. Lakini kinachoimbwa mwethyani hufika sokoni kabla ya waimbaji wenyewe.

Siku hiyo ya Alhamisi aliyeongoza alikuwa Mutindi, mwanamke mchanga mwenye sauti kubwa kuliko kiwiliwili chake. Aliimba:

*Ngumbau wetu wa jana, leo yuko juu ya lori,*
*ameuza mchanga wa mto,*
*ameuza na chura aliyelala ndani yake.*

Foleni nzima ikaitikia, kisha ikakumbuka ni nani yuko katikati yake, na kiitikio kikafa kidogo kidogo, kutoka mwisho hadi mwanzo.

"Ubeti mzuri," alisema Mwalimu Ndinda. "Umeutoa wapi?"

"Kwenye gazeti la kanisa, Mwalimu," alijibu Mutindi. "Si mimi niliyechora."

"Na gazeti la kanisa halidanganyi," mwingine akasema kwa sauti ya chini, lakini haikuwa chini vya kutosha.

Hapo ndipo palipouma. Kwa miaka thelathini na mitano marehemu mumewe, Nzomo, alikuwa akichora ukurasa wa mwisho wa gazeti la vijana wa kanisa liitwalo *Mche Mpya*. Riziki yake ilikuwa kupaka rangi mabango ya mahoteli na mabucha, lakini ukurasa ule ndio uliokuwa moyo wake. Ndani yake aliishi Ngumbau, maana yake shujaa kwa Kikamba. Kifua chake kilikuwa kama mlango wa ghala. Aliweza kusikia mto ukilia akiwa vilima vitatu mbali, na kuziba makorongo kwa mikono mitupu. Uso wake Nzomo aliuchukua kwenye kioo alichonyolea ndevu: mwanya wa meno ya mbele, na nyusi ya kushoto iliyokatwa na pembe ya mbuzi. Tawa nzima ilijua. Watu walimwita Ngumbau dukani. Siku ya mazishi mchungaji alisema Ngumbau amepumzika, na Mwalimu Ndinda, aliyekuwa kiti cha mbele, alijiruhusu kutikisa kichwa kukubali.

Baada ya mazishi, mhariri wa gazeti alikuja kuomba ruhusa mchoraji mwingine aendelee. Ndinda, aliyekuwa mwalimu mkuu kwa miaka kumi na tisa, aliweka sharti moja, akataka liandikwe, akalisoma mara mbili kabla ya kutia sahihi: uso wa Ngumbau usibadilishwe. Alidhani amefunga kila mlango. Hakuwahi kufikiria kwamba uso unaweza kubaki palepale na mtu akabadilika.

Mwezi huo mchoraji mpya alimgeuza Ngumbau kuwa mwizi. Alisimama juu ya lori la mchanga, koleo begani, akitabasamu kwa mwanya ule ule. Kwenye kiputo cha maneno juu ya kichwa chake aliandikiwa: *Nimeuokoa mto huu mara mia. Nani wa kunikataza nisiuuze mara moja?*

Na watu wa Tawa, ambao wamezoea kusimama kanisani na kutoa ushuhuda wa maisha yao mbele ya wote, waliusoma ukurasa ule kama ushuhuda. Walisema lazima kuna jambo. Walisema marehemu hawezi kujitetea, basi labda mtu ameamua kumsemea.

Wakati wa chai Wavinya, mwenyekiti wa mwethya na rafiki yake wa tangu usichana, alimvuta kando.

"Ndinda, kuhusu Jumamosi."

Jumamosi ndiyo siku ya kumalizia ukuta. Wangeandika jina kwenye saruji ikiwa bado mbichi, na miezi mitatu kabla walikuwa wamekubaliana bila hata kupiga kura: Ukuta wa Nzomo.

"Wanachama wanauliza," Wavinya aliendelea. "Wanaona heri tungoje kidogo."

"Saruji haijui kungoja, Wavinya."

"Basi uandikwe mwaka tu."

Ndinda alimtazama. "Mume wangu afutwe kwa sababu ya katuni?"

"Mimi sijasema kitu," alisema Wavinya. "Unajua vizuri kwamba mimi ndiye ambaye sijawahi kusema kitu." Akaenda kuosha kikombe chake.

Kesho yake asubuhi Mwalimu Ndinda alivaa suti ya kijivu na viatu vya kwenda ofisini, akaliviringisha gazeti kama kiboko, akaenda mji wa Emali kwa mchoraji mpya. Hakutaka kupiga simu. Kwenye simu mtu anaweza kukukata ukiwa katikati ya sentensi.

Mchoraji aliitwa Wamaitha. Wazazi wake walitoka Murang'a kabla hajazaliwa na kufungua duka la vitambaa kando ya barabara ya Mombasa, na yeye alichora katika chumba cha nyuma, kati ya majora ya leso. Alikuwa na wino hadi kwenye sikio.

"Karibu, Mwalimu. Nilijua utakuja," alisema, akimwondolea kitambaa kwenye kiti.

"Kama ulijua, ungeniokoa nauli. Nani alikuambia mume wangu alikuwa mwizi?"

"Hakuna! Haki ya Mungu, hakuna. Nilikuwa na Ngumbau anayeshinda kila mwezi. Wasomaji wamechoka. Kuna mmoja aliniandikia, eti akiona korongo ukurasa wa kwanza anafunga gazeti, kwa sababu anajua litazibwa. Nikasema, mtu akipigiwa makofi miaka yote hiyo, siku moja ataanza kuona mto ni wake. Hiyo tu."

"Hiyo tu, na meno ya mume wangu."

"Ni wewe uliyesema uso usibadilishwe, Mwalimu."

Ndinda alilikunjua gazeti, akautazama tena ule mwanya.

Wamaitha alisimama, akavuta kutoka chini ya meza sanduku la bati. Ndinda alilitambua. Yeye mwenyewe ndiye aliyelitoa nyumbani na kumpa mhariri, limejaa kurasa za asili za Nzomo, wala hakulifungua kabla ya kulitoa.

"Kuna kitu nilitaka kukuuliza tangu mwaka jana, nikaogopa," alisema Wamaitha. "Unaukumbuka ukurasa wake wa lori?"

Nani hakuukumbuka? Ngumbau peke yake mtoni, lori la wezi wa mchanga linamjia, naye analizuia kwa kifua. Ulikuwa umebandikwa kwenye kuta za madarasa hadi karatasi ikawa ya manjano.

"Sasa tazama hapa chini, karibu na gurudumu. Pana rangi nyeupe, nene. Alifuta kitu." Wamaitha akaupeleka ukurasa dirishani, akauinua mbele ya jua.

Chini ya ule weupe walikuwa wameketi watu saba. Wanawake, wamevaa majoho ya kwaya, kwenye mchanga, mbele ya gurudumu. Wa katikati alikuwa na miwani, na kila kioo cha miwani kilikuwa kimechorwa kwa uangalifu, mviringo kamili, kama kazi ya mtu asiyekuwa na haraka.

Mwalimu Ndinda aliketi.

Ilikuwa Jumapili ya mwaka 1999, mwaka wa ukame. Nzomo alisema tumbo linamuuma, akabaki nyumbani. Kwaya ilikuwa katikati ya wimbo wa pili Ndinda alipoona kupitia dirisha la kanisa vumbi likipanda barabara ya mtoni. Jumapili hakuna aendaye mtoni na gari. Alitoka kwenye mstari, na wenzake sita wakamfuata wakidhani anaugua. Walipofika walimkuta Nzomo, yule yule wa Ngumbau, amesimama kando ya lori akiwaonyesha wapakiaji mahali mchanga ulipokuwa mwingi. Gazeti lilikuwa limemwambia alete karatasi na wino wake mwenyewe, au ukurasa wake ufe. Naye hakuwa na fedha, akaona afadhali auze mchanga na mto upungue kidogo kuliko Ngumbau kufa.

Ndinda hakupiga kelele. Aliketi mbele ya gurudumu, akatandaza joho lake. Wavinya akaketi kando yake, kisha wengine wote. Dereva alipiga honi hadi akachoka, nao wakaendelea na wimbo kutoka pale walipouachia. Hatimaye mchanga ukashushwa. Nzomo mwenyewe ndiye aliyeshika koleo na kuusambaza upya, mchana kutwa, bila mtu kumsaidia na bila mtu kumsemesha. Jioni Ndinda alimwambia sentensi moja: "Jambo hili limeishia mtoni." Wale sita waliapa vivyo hivyo.

Miezi miwili baadaye ukatoka ukurasa wa lori, na Ngumbau peke yake. Aliusoma, akasema, "Umechora vizuri." Nzomo hakuinua macho. Kwa miaka yote hiyo Ndinda aliamini kwamba mumewe alijichukulia sifa ile na akaja kuiamini mwenyewe.

"Kwa nini aliwafuta?" Wamaitha aliuliza.

"Mimi ndiye niliyemfutisha. Nilimwambia jambo limeishia mtoni." Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kitambaa chake, akaivaa tena. "Alikuwa mtu wa kushika neno."

Wamaitha aliushusha ukurasa. "Mwalimu, naweza kulirekebisha. Mwezi ujao Ngumbau anaamka, kumbe ilikuwa ndoto. Watu watasahau."

"Ndoto!" Sauti ya mwalimu mkuu ilirudi yote. "Usithubutu. Alipanda lile lori macho yakiwa wazi. Hadithi yako haina kosa ila moja. Mtu huyu ana miaka thelathini na mitano kwenye gazeti. Nani anamfulia shati? Nani anamwambia ameteleza? Mke wake yuko wapi?"

"Hajawahi kuwa na mke."

"Alikuwa naye. Mchore. Mchore anamzuia. Na usisahau miwani."

Jumamosi foleni ilipangwa mapema, kwa sababu saruji ilikuwa imeshaanza kuchanganywa. Mutindi hakuimba. Hakuna aliyeimba, na mawe bila wimbo yalikuwa mazito. Ndipo Mwalimu Ndinda, ambaye tangu astaafu hakuwahi kuongoza wimbo wowote nje ya kanisa, akaanzisha:

*Ngumbau alileta lori siku ya Bwana,*
*sisi tukiwa kanisani.*
*Mkewe akaketi mbele ya gurudumu,*
*muulizeni Wavinya, joho lake lilichanika.*

Wavinya aliangusha jiwe, likamkosa mguu kwa upana wa kidole. Alimtazama Ndinda, kisha akaanza kucheka, kicheko kilichokuwa kimekaa tumboni miaka mingi. "Lilichanika nyuma!" alipiga kelele. "Nikarudi kanisani kinyumenyume!"

Ndinda akawaeleza yote, amesimama palepale kwenye foleni na karai mkononi. Hakupunguza neno. Aliposema jina la mumewe hakushusha sauti.

"Kwa hiyo ni kweli," alisema Mutindi. "Alitaka kuuza."

"Alitaka. Na wewe uliimba kwamba aliuza. Kati ya hayo mawili kuna wanawake saba, na watatu wetu bado tuko hai. Baada ya siku ile alibeba mawe katika mwethya huu miaka ishirini, wala hakukosa hata akiwa na homa. Wewe una miaka mingapi mwethyani?"

"Miwili, Mwalimu."

"Endelea kuhesabu."

Watu wakacheka, na Mutindi mwenyewe akacheka, lakini hakuwa mtu wa kuachia upesi. "Na bado unataka jina lake liandikwe? Pamoja na hayo yote?"

"Binti yangu, unadhani jina hili lilikuwa la Nzomo peke yake? Nimelivaa karibu nusu karne. Nililivaa siku ile nimeketi mbele ya gurudumu. Kama mnataka kuliondoa kwa sababu ya yule aliyesimama kando ya lori, basi mniondoe na mimi niliyeketi."

Wavinya akalainisha saruji kwa mwiko, akachomoa msumari mrefu kwenye mfuko wa aproni yake, akampa. "Andika basi, kabla haijakauka. Andika unavyojua wewe."

Mwalimu Ndinda alipiga magoti juu ya ukuta. Hakuandika Ukuta wa Nzomo. Kwa mwandiko wa ubaoni, ulionyooka bila mstari wa kuongozea, aliandika *MBAA NZOMO*, watu wa nyumba ya Nzomo. Kisha akarudia herufi moja moja, akizichimba zaidi, hadi msumari ukagonga jiwe.

"Hiyo itakaa," alisema Mutindi, aliyekuwa amekuja kumshikia mkono ainuke.

"Nimeandika ili ikae," alisema Ndinda. "Asiyeipenda na alete patasi, anikute hapa."

Kisha akarudi mahali pake kwenye foleni, kwa sababu ukingo wa pili ulikuwa haujaisha.