Jirani Asiye na Ubaya

Nilipohamia Lewisville, neno la Kiingereza nililolipenda kuliko yote lilikuwa nice. Jirani yangu, mama wa makamo ambaye mlango wake ulitazamana na wangu, aliligawa bila choyo. Hali ya hewa ilikuwa nice. Viatu vyangu vya kazini, vibaya kuliko vyote duniani, nice. Hata jina langu, ambalo lilimshinda kulitamka, nice. Nikaamini nimepata mtu. Nikampigia mama yangu Kenya kumwambia nina rafiki.

Jumamosi moja nilipika pilau, nikampelekea bakuli. Alionja palepale mlangoni, akasema nice. Kwetu bakuli la jirani halirudi tupu. Hutiwa chochote, hata vitunguu viwili, na anayelirudisha hukaribishwa akae. Basi kesho yake nilipiga deki, nikachemsha chai ya maziwa, nikatoa vikombe viwili.

Chai ilipoa. Nilipofungua mlango nikalikuta bakuli kwenye zulia la kufutia miguu, limeoshwa likang'aa, tupu. Televisheni yake ilikuwa ikisikika ndani. Niliumia, tena nikakasirika. Kitunguu kimoja tu kingemgharimu nini?

Mama alipopiga simu akauliza huyo rafiki yangu ni mtu wa namna gani. Nikatafuta Kiswahili cha nice, nikakikosa. Mwema? Mwema amekutendea jambo. Mkarimu? Mkarimu hukwambia karibu. Mcheshi? Hatukuwahi kucheka pamoja.

"Hana ubaya," nikasema mwishowe.

"Hata ukuta hauna ubaya, mwanangu. Anakujua?"

Nikamuuliza habari za ng'ombe.

Tuliendelea hivyo, mimi na jirani, kusalimiana kwenye ngazi, mpaka alipohama. Siku hiyo milango yote ilikuwa wazi, nikamsikia akimweleza kijana aliyebeba kochi kuhusu mimi. Nilitega sikio, nakiri, nikitamani aseme walau kwamba napika. Alisema mimi ni nice. Nikatoka nikampungia mkono, naye akanipungia, gari likaondoka.

Nilitaka kumlaumu, nikashindwa. Jioni mama alinipigia, nikamwambia jirani amehama.

"Amekwenda wapi?" akauliza.

Sikujua. Wala sikuwahi kujua alitoka wapi.